Mwanya Uliokuja Ukubwani

Mke wangu hakuzaliwa na mwanya. Nilipomwoa, meno yake mawili ya mbele ya juu yalikuwa yamekaa bega kwa bega, na hata uzi ulipita hapo kwa shida. Nasema hivi mwanzoni kwa sababu kwa miaka mingi nimewaacha watu waamini vinginevyo. Kwetu Bunia mwanamke mwenye mwanya husifiwa kabla hajasema neno. Watu wa nyumbani kwake, waliohamia hapa kutoka Butembo kwa biashara, wanaona hivyo. Na sisi wenye ng'ombe na mashamba ya Irumu, hapa Ituri, tunaona vivyo hivyo. Ni moja ya mambo machache ambayo pande zetu mbili hazikubishania siku ya mahari.

Mwanya ulikuja baadaye, alipokuwa amepita miaka thelathini, na sisi tayari na watoto wanne. Ulikuja polepole, na tuliufurahia. Nataka kueleza kwa utaratibu jinsi ulivyokuja, na nani alijua nini na wakati gani, kwa sababu meno yenyewe hayapo tena na mwenye meno hapendi kulizungumza jambo hili.

Kazi yangu ilikuwa kutengeneza mashini za kuandika. Shule niliiacha baada ya darasa la sita. Ufundi niliupata kwa kumtazama Mzungu mmoja aliyekuwa akihudumia ofisi za mji; alipoondoka aliniachia bisibisi zake na kitabu cha michoro, mengine nikajifunza mwenyewe kwa kufungua na kufunga. Kifaransa nilijifunza vivyo hivyo, kwa kamusi, kurasa mbili kila siku baada ya kazi. Kisha nikapata kitabu kinene cha afya ya nyumbani, kisicho na jalada, nikakisoma mara tatu toka mwanzo hadi mwisho. Mtaani Bigo nikaitwa muzee wa bitabu. Mtu akiugua, watu wake walipita kwangu kabla ya kwenda dispensari. Mara nyingi nilipatia, na hilo ndilo lililonidhuru: mtu anayepatia mara nyingi huacha kuuliza.

Jambo lilianza na damu. Ilikuwa mimba ya nne, katikati ya miaka ya sabini. Asubuhi moja mke wangu alipiga mswaki nyuma ya jiko, akatema, na mate yakawa mekundu. Siku ya pili vilevile, na ya tatu. Jirani yetu, mjane mtu mzima aliyekuwa amezalisha nusu ya wanawake wa njia yetu, alikuja akamwambia afungue kinywa.

"Ni mimba, mama. Kila mutoto anakuyaka kutafuta jino yake."

"Atachukua ngapi?" mke wangu akauliza, akicheka.

"Kama ni mwanaume, moja tu. Kama ni mwanamuke, atachukua jino na bitenge yako yote."

Kisha akasema maneno niliyoyaona ya busara. Alisema mswaki uwekwe mbali. Ufizi unaotoka damu ni kidonda, na kidonda kinaomba kupumzika. "Weye unapigaka mutoto mwenye amelala?" akauliza. Asukutue kwa maji ya chumvi, apitishe kitambaa juu ya meno tu, asiguse nyama.

Mimi nilikwenda kwenye kitabu changu. Chini ya kichwa cha damu ya ufizi paliandikwa kwamba mtu asiyekula matunda mabichi hutokwa damu kinywani. Basi nikaanza kununua machungwa na mapera, na nikakubali chumvi, na nikakubali mswaki uwekwe mbali, kwa sababu kitabu hakikusema lolote kinyume chake. Niliutia mswaki katika kopo la majani ya chai, nikalipandisha juu ya kabati.

Baada ya wiki mbili damu ikakoma. Nilimwambia mjane kwamba elimu yake na yangu zimekutana, naye akafurahi. Leo najua kwamba damu ilikoma kuonekana kwa sababu hakuna kitu kilichogusa mahali pake. Mlango usiofunguliwa haulii, hata kama bawaba zimeoza.

Mtoto alizaliwa, akawa wa kike. Mswaki ukabaki juu ya kabati. Mke wangu alikuwa mtu msafi, mwenye kufagia uwanja mara mbili kwa siku, na kila asubuhi alisukutua kwa chumvi na kupitisha kitambaa. Asingeweza kusema kwamba ameacha kusafisha kinywa. Lakini kila mara alipojaribu kusugua karibu na ufizi aliona damu, akaacha akingoja ipone. Ilikuwa hivyo kwa miaka minne au mitano.

Lazima niseme hapa kwamba kila juma nilisafisha herufi za mashini kwa petroli na burosi ngumu. Herufi ya *o* na ya *e* hujaa uchafu wa utepe. Ukiuacha, hukauka ukawa kama jiwe, na hapo burosi haisaidii tena. Unachokoa kwa sindano. Niliwafundisha makarani wote wa mji jambo hilo. Nyuma ya meno ya chini ya mke wangu kulikuwa na mstari wa njano, mgumu, kama ule unaoshika ndani ya birika. Niliuona alipocheka akiinua kichwa. Nilidhani ni jino.

Mwanya ulionekana kwanza na wanawake. Mke wangu alikuwa mwenye kuanzisha nyimbo katika kundi la wamama kanisani, anasimama mbele, na walio mbele yake humtazama kinywani. Dimanche moja, yaani Jumapili, walimsindikiza mpaka nyumbani, watatu, wakiwa bado na vitambaa vyao vyeupe kichwani. Mimi nilikuwa nimekaa mlangoni.

"Papa, unatuficha nini?" mmoja wao akaniuliza. "Mama huyu alipata wapi mwanya?"

"Mwanya gani?"

"Ah! Analala na mwanamuke na hamuangaliake! Mama, cheka aone."

Mke wangu akafunika uso, wakamshika mikono. Alipocheka nikaona. Kati ya meno mawili ya juu palikuwa na nafasi, si kubwa, kama unene wa njiti moja ya kiberiti.

"Bengine banazaliwa nayo," yule wa pili akasema, "bengine banaenda kwa fundi wa tupa Kampala. Weye imekuya bure!"

"Ni maziwa ya ng'ombe ya huyu muzee," wa tatu akasema. "Miye pia nitafute mwanaume wa Irumu."

Walicheka mpaka mjane akatoka kwake kuangalia. Hata yeye alisifu. Hakuna hata mmoja aliyesema neno baya, na sina haki ya kuwalaumu. Mimi nilifurahi kuwapita wote. Jumamosi iliyofuata nilimpeleka kwa mpiga picha. Watu wa wakati ule walipigwa picha wakiwa wamefunga midomo kama mbele ya jaji; mimi nilimwomba acheke. Mpiga picha akashangaa. Nikamwambia, "Piga hivyo hivyo. Nataka mwanya uonekane." Picha ile niliitundika sebuleni, na wageni waliposifu nilisema, "Ndiyo, ni wake," wala sikusema umetoka wapi.

Mwanya ukaendelea kupanuka. Jino la kulia likaanza pia kushuka kidogo kuliko la kushoto. Fundi wa mashini huona haraka herufi iliyoshuka chini ya mstari wa wenzake. Niliona, nikajiambia ni umri.

Mwaka uliofuata, mwezi wa kumi na moja, muuguzi wa meno wa hospitali alikuja mezani kwangu. Watu wote walimwita munganga, ingawa hakuwa daktari. Alikuwa amefundishwa kung'oa na kusafisha meno, basi. Alileta mashini ya ofisi yao, kijiti cha herufi moja kilikuwa kimekwama. Meza yangu ilikuwa kwenye baraza ya duka la nguo, katika njia kubwa. Alikaa kwenye benchi kungoja. Saa sita mke wangu akaniletea chakula, maharage na ndizi, akamwona.

"Munganga, weye njo mwenye kung'oaka batu meno?"

"Ni miye, mama."

"Basi miye sitacheka mbele yako. Utanichukulia." Na hapo hapo akacheka.

Yule mtu akamtazama kinywani. Alimtazama kwa muda mrefu kuliko heshima inavyoruhusu, au mimi niliona hivyo.

"Mama, hii mwanya ulizaliwa nayo?"

"Hapana. Ilikuya yenyewe. Mungu alinikumbuka nikisha kuzeeka."

Mwenye duka akapiga kelele toka ndani: "Mungu wa Bigo anachelewaka, lakini anafika!" Watu waliokuwa wakichagua nguo wakacheka. Munganga akatabasamu kidogo, akaangalia chini. Mke wangu alipokwisha kuondoka na sahani, alisogeza benchi karibu na meza yangu.

"Papa, usikasirike. Jino ya mutu muzima haitembeake bure. Kama inaachana na mwenzake, ni kwamba kitu chini inaisha."

"Haumwi," nikamwambia. "Hajawahi kulalamika."

"Hii ugonjwa haiumake. Njo ubaya yake. Mulete mama lundi. Siyo maneno ya kung'oa, ni ya kusafisha tu. Kama tunaanza mapema, tunaweza kuyishika."

Nikasema nitamleta Jumatatu hiyo. Akachukua mashini yake, akaenda.

Sikumwambia mke wangu neno hata moja.

Nimejaribu mara nyingi kuandika sababu zangu kwa mpangilio, kila moja mahali pake, na kila nikimaliza naona ni ndogo kuliko nilivyodhani. Ya kwanza: mwanamume mwingine alikuwa amemtazama mke wangu kinywani, na sasa anataka aende amfungulie. Ya pili: nilirudi kwenye kitabu changu, nikatafuta mwanya, nikatafuta jino linalotembea, sikukuta, nikahitimisha kwamba kisichoandikwa mle hakipo. Ya tatu: sote tulisema juu ya wang'oaji kwamba machoni pao kila jino ni la kung'oa, na sikutaka kuwa mjinga wa kumpelekea mtu kazi. Ya nne ndiyo ya kweli. Nilikuwa nimeusifu mwanya ule mbele ya watu. Nilikuwa nimeutundika ukutani. Kumwambia kwamba ni ugonjwa kungekuwa kumwambia kwamba mumewe, muzee wa bitabu, alipenda ugonjwa.

Lundi ikapita. Nyingine ikapita. Noeli ikaja, akaanzisha nyimbo kanisani akiwa mbele, kinywa wazi, na watu wakamtazama.

Baada ya hapo ilikuja harufu. Sitaielezea. Niliijua kabla yake, maana hakuna anayejisikia. Badala ya kusema, nilianza kugeuza uso alipozungumza nami karibu. Nilinunua karafuu, nikaziacha mezani kama kitu cha kawaida. Siku moja alizichukua mkononi, akaziangalia.

"Hizi ni za pilau?"

"Za kutafuna. Ni nzuri kwa kifua."

"Kifua ya nani?"

Akatia karafuu moja mdomoni, na toka siku ile akaanza kusema nami akiwa amesimama mbali kidogo, upande wa mlango. Alielewa harufu, hakuelewa kwamba ilikuwa na jina, na kwamba kulikuwa na mtu hospitalini aliyekuwa akingoja.

Mwezi wa nane tulikwenda pamoja Kpandroma, kule milimani. Parokia moja huko ilikuwa na mashini tatu zilizojaa vumbi, na yeye alitaka kununua viazi sokoni, kwa sababu viazi vya mlimani ni vizuri kuliko vya kwetu. Asubuhi ni baridi huko. Walitupa chai na mahindi ya kuchoma. Akauma hindi, akasimama hivyo, hindi likiwa bado mdomoni, macho yake yakanitafuta. Halafu akalitoa polepole. Punje mbili zilikuwa na damu. Jino la kulia lilikuwa limelala mbele, juu ya mdomo wa chini, kama kijiti cha herufi kilichopiga kikakataa kurudi.

"Iko inacheza," akasema, akilisukuma kwa ulimi. "Papa ya batoto, iko inacheza. Haiumi, lakini iko inacheza."

"Usiiguse."

"Ni nini hii?"

Nilisema sijui. Nilikuwa na miezi tisa ya kujua.

Tulirudi Bunia juu ya lori la viazi, na kesho yake tukaenda hospitali. Munganga alitukaribisha bila kunitazama sana. Alimkalisha mke wangu karibu na dirisha, akaosha mikono, akachukua kichuma chembamba chenye ncha butu, akakipitisha kati ya jino na ufizi. Nilikuwa nimesimama nyuma yake. Kichuma kilizama. Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba kando ya jino kuna kina. Kwenye meno ya nyuma kilizama kidogo. Kwenye yale mawili ya mbele kilizama mpaka karibu kipotee, na usaha ukatoka ukifuata njia yake. Mke wangu hakushtuka hata mara moja. Kweli haikuuma.

Kisha akaeleza, na alieleza vizuri, ninakubali. Chakula huacha ukoga mwororo kando ya ufizi. Ukoga usipoondolewa unakuwa jiwe. Ufizi unachukia jiwe, unavimba, unatoa damu, halafu unaachana na jino; jiwe linateremka ndani ya ule mfuko, na chini kabisa mfupa unaoshika jino unayeyuka. "Kama nguzo ya kiraalo wakati mvua inakula udongo," akasema, yaani zizi la ng'ombe. Nguzo inabaki nzima, safi, haina tundu, lakini haina mahali pa kusimama, na ng'ombe mmoja tu akiiegemea inalala. Meno yanaanza kutembea. Ya mbele yanaachana.

"Na damu?" mke wangu akauliza. "Banasemaka kama ufizi inatoka damu, tuache burosi, ipumuzike."

"Hapana, mama. Damu njo inakuita. Pahali panatoka damu, njo pa kusugua: polepole, na burosi laini, hapa kwenye mupaka ya nyama na jino. Damu itatoka siku kadha, kisha itaacha, na hapo itakuwa imeacha ya kweli. Chumvi ni muzuri kwa kutuliza, lakini chumvi haiondoake jiwe."

Akamwonyesha kwa kidole juu ya mgongo wa mkono wake mwenyewe, mzunguko mdogo mdogo. Akasema meno ya nyuma na ya chini yanaweza kubaki miaka mingi, kama yatakwanguliwa na kama yeye atayatunza kila siku. Mfupa uliokwisha haurudi. Yale mawili ya mbele yaondoke.

"Yote mbili?"

"Yote mbili, mama."

Munganga akapangusa kichuma chake, kisha, bila ubaya, akiwa anakitazama kile kichuma, akasema: "Papa, nilikuambia umulete lundi."

Mke wangu akageuka. Hakunitazama mimi; alimtazama yeye.

"Lundi gani?"

"Ile siku nilileta mashini. Ulituletea maharage. Ulipokwisha kwenda nilisema na papa."

"Ilikuwa mbele ya Noeli."

"Mbele ya Noeli."

Kulikuwa na mtu akipitisha kitoroli nje kwenye saruji. Mke wangu alingoja kitoroli kipite.

"Kama ningalikuya ile lundi, hizi mbili zingebaki?"

Nilitamani aseme hapana. Yule mtu angeweza kusema hapana, nami ningemshukuru mpaka kufa. Alifikiri kwanza.

"Siwezi kuapa, mama. Ya kuume, pengine hapana. Ya kushoto ilikuwa bado na nguvu."

Nilimchukia kwa ukweli huo. Sasa simchukii, lakini niliwahi.

Aliyang'oa siku ileile, baada ya sindano. Hayakumpa kazi, alitumia vidole zaidi kuliko koleo. Mizizi yake ilikuwa mirefu, mizima, na jiwe jeusi limeizunguka mpaka karibu na ncha. Ukiyashika hayo meno mkononi usingeona ubovu wowote ila ule mkanda mweusi. Mke wangu aliyaomba, akayafunga kwenye pembe ya kitenge chake. Sijui aliyaweka wapi.

Kukwangua meno mengine kulikuwa kazi ya siku nne, kila wiki siku moja, upande mmoja wa juu au wa chini. Hospitali ilikuwa na kikwanguo kimoja tu kizima, na munganga alikinoa juu ya jiwe kati ya mgonjwa na mgonjwa. Niliona kazi yangu ikinijia. Nikasema nina chuma kizuri cha springi, ninaweza kutengeneza viwili, vitatu vya namna ile. Munganga alipenda. Mke wangu, akiwa bado amefungua kinywa, akatikisa kichwa. Akatema, akasema: "Hapana. Asitengeneze kitu ya kinywa yangu."

Nyumbani habari ilitutangulia. Wanawake wa kundi walikuja na pole zao, na pole zilikuwa za kweli. Lakini sokoni, mwanamke mmoja aliyeuza bitenge karibu na mke wangu, ambaye alikuwa akigombea naye wateja siku zote, alisema kwa sauti ya kutosha: "Mwanya imekuwa mulango. Sasa batu baingie!" Watu walicheka, maana ilichekesha. Mke wangu alikunja vitenge vyake, akavipanga upya. Kanisani alihamia mstari wa nyuma. Maneno yenye *f* na *v* yalimponyoka kwa upepo, na mtu wa kuanzisha nyimbo hawezi kuchagua maneno. Kulikuwa na habari za meno ya kubandika huko Kisangani. Tuliuliza, tukaambiwa leo na kesho, mpaka yeye mwenyewe akasema tuache.

Nilimwomba msamaha. Nilifanya hivyo kama nilivyofanya kila kitu, kwa mpango: nilieleza sababu zote nne, moja baada ya moja, bila kuficha ile ya mwisho. Alisikiliza mpaka nikamaliza.

"Umesema yote?"

"Yote."

"Ulisema na mwenye duka? Yeye alijua?"

"Hapana. Mimi tu."

"Basi ni muzuri," akasema. "Nilikuwa nadhani Bunia yote ilijua kinywa yangu, miye peke yangu sikujua."

Hakurudia tena, na hakuniambia amesamehe. Aliondoka kwenda kuangalia chungu.

Toka hapo nilianza kufanya vizuri, na hilo ni jambo chungu kulisema. Nilinunua mswaki laini kwa kila mmoja nyumbani, na duka lilipokosa miswaki nilichonga vijiti, nikatafuna ncha zake mpaka zikawa nyuzi laini. Kila dimanche niliwapanga watoto juani, nikaangalia fizi zao mbele na nyuma. Majirani walipokuja kuuliza juu ya damu kinywani, niliwaambia wasiweke mswaki mbali, wasugue mpakani polepole, waende kukwanguliwa kabla ya maumivu, na mtu mzima akiona meno yake yanaachana asisherehekee. Walinisikiliza kama walivyonisikiliza siku zote. Wengine walipona, wakarudi na mayai kunishukuru. Mke wangu alipokea mayai hayo mlangoni, akayatia kwenye kikapu, akawaambia karibu.

Yeye mwenyewe hakukosa siku. Alisugua asubuhi na jioni, amesimama uwanjani, amegeukia ukuta wa mjane. Mara mbili kwa mwaka alikwenda kukwanguliwa. Mara ya kwanza nilivaa viatu nimsindikize.

"Unaenda wapi?"

"Na weye. Hospitali."

"Baki na mashini yako," akasema. "Njia naijua."

Nilikuja kujua baadaye alichomwambia munganga siku ile, kwa sababu munganga mwenyewe aliniambia, akiona aibu kidogo. Alimwambia: "Kitu ya kinywa yangu, ambia miye. Usimwambie papa, hata kama ni neno muzuri." Yule mtu alishika ahadi. Miaka ya themanini ilipokuwa inaenda kwisha alikuwa bado akiniletea mashini ya ofisi yao, na bado alikaa kwenye benchi akingoja, na tuliongea habari za utepe na za springi, na za barabara, na za mvua. Mara moja tu nilishindwa. Nilikuwa nimeona asubuhi ile mke wangu akitafuna upande mmoja, na nilitaka kujua kama jino la nyuma limeanza.

"Munganga," nikamwambia, "meno ya mama yanaendelea namna gani?"

Alikuwa amekwisha kusimama. Aliibana mashini yake kwapani.

"Muulize mama," akasema.

Jioni nilimuuliza. Alikuwa anaosha sahani, mgongo kwangu, na hakuacha kuosha.

"Iko," akasema.

Nilingoja aseme mangapi, au yapi, au mpaka lini. Akamwaga maji, akachukua sahani nyingine.